Usipotelee Chumbani: Ushauri kwa Mwanafunzi Aliye Bwenini Birmingham

Mwanafunzi aliyewahi kukaa Mabibo, hosteli ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anajua kubebana ni nini. Vitanda havitoshi, aliyepata chumba anamchukua mwenzake aliyekosa, na chumba kilichopangiwa watu wachache kinalala wengi. Nairobi, Eldoret na Kampala wana majina yao kwa mambo hayo hayo. Hakuna anayeisifia hali hiyo, na mimi siisifii. Lakini chumba kilichojaa watu kina macho. Usipokula siku mbili, aliye kitanda cha juu anajua. Ukilia usiku anasikia, hata akijifanya amelala. Ukiacha kwenda darasani wiki nzima, mtu atakuuliza, kwa upole au kwa utani, na kabla ya wiki ya pili habari zitakuwa zimemfikia binamu yako wa kitivo kingine.

Sasa mtazame mwanafunzi huyo huyo akifika Birmingham mwezi Septemba. Anapewa chumba cha peke yake, choo na bafu humo humo ndani, mlango mzito wa kuzuia moto unaojifunga wenyewe ukishapita. Jikoni anashirikiana na watu watano au zaidi, kila mmoja na kabati lake, kila mmoja na saa zake za kula. Masomo mengine yako mtandaoni, chakula kinaletwa mlangoni, simu ina kila kitu. Mtu anaweza kukaa siku kumi bila kuonana na binadamu anayelijua jina lake, na asiwepo hata mmoja wa kushtuka.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kazi ambayo msongamano wa nyumbani ulikufanyia bila kuombwa, hapa itakubidi uifanye mwenyewe, kwa makusudi, na mapema, ukiwa bado mzima. Wengi hawaifanyi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni kazi.

Nazungumza zaidi na walio upande wetu wa mashariki mwa jiji. Saltley si mbali na majengo ya Birmingham City University ya Curzon Street, wala na Aston University, na nyumba zake za matofali zilizoshikana zina vyumba vya kupanga vinavyovutia wanaoona bei ya mabweni ya katikati ya mji haishikiki. Zamani Saltley ilikuwa na chuo chake chenyewe, St Peter's, kilichofunguliwa mwaka 1852 kufundisha walimu na kufungwa mwaka 1978. Kilikuwa chuo cha kanisa cha bweni, na wanafunzi walilala, walikula na kusali pamoja. Sasa mwanafunzi wa Saltley anaishi kwenye nyumba ya kupanga na watu aliowakuta kwenye tangazo. Hapo hakuna meza ya mlinzi, hakuna msimamizi wa bweni, hakuna wa kugonga mlango. Aliye kwenye bweni la Jennens Road ana angalau walinzi wa saa ishirini na nne, na ana nambari yao nyuma ya kadi yake au ukutani. Aliye kwenye nyumba ya Saltley hana hata hao, kwa hiyo ushauri huu unamhusu mara mbili.

Anza na jambo dogo. Wiki ya kwanza, chagua mtu mmoja ndani ya jengo unamolala na mmoja nje yake, uwape ruhusa ya kukutafuta. Si lazima wawe marafiki wa chanda na pete. Wa ndani anaweza kuwa Mchina wa chumba cha pili anayekaanga mayai saa ile ile unayochemsha chai. Mwambie: usiponiona jikoni siku mbili, nigongee. Nitakufanyia vivyo hivyo. Sisi tunaona aibu kumwambia mgeni neno kama hilo, lakini yeye naye katoka mbali, na mara nyingi atashukuru. Wa nje awe mtu unayeweza kuzungumza naye kwa Kiswahili bila kuchagua maneno, na awe na anwani yako kamili, namba ya chumba, na namba ya simu ya bweni. Nasisitiza namba ya chumba. Ndugu aliye London au Leicester anaweza kuwa na wasiwasi usiku kucha, akapiga simu hadi ikaisha chaji, na asijue amwambie mlinzi aende ghorofa gani.

Jambo la pili ni daktari. Usingoje kuugua. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa, ambaye hapa kila mtu humwita GP, mara tu unapopata anwani. Ukihamia Saltley kutoka bwenini, hakikisha bado unahudumiwa hapo au jiandikishe upya karibu na unapolala. Kuandikishwa ni bure, na kanuni za huduma ya afya ya taifa, NHS, hazikudai uthibitisho wa anwani wala hati ya uhamiaji. Wewe uliyekuja kwa viza ya mwanafunzi tayari umelipia: ada ya afya iliyo kwenye maombi ya viza ni pauni 776 kwa mwaka. Nimewasikia vijana wakisema wanaogopa bili ya hospitali, ilhali bili hiyo waliilipa kabla hata hawajapanda ndege. Kumwona GP na kupata tiba ya mazungumzo kupitia NHS hakukutozi tena. Dawa tu ndizo utakazochangia dukani, karibu pauni 10 kwa kila dawa.

Ukifika kwa daktari, utu wetu wa salamu unaweza kukuponza. Sisi tukiulizwa hali tunajibu nzuri, tunajibu salama, hata kama tumetoka mazikoni, kisha habari mbaya inafuata taratibu. Daktari wa hapa ana kama dakika kumi. Akikuuliza hali yako ukasema nzuri, ataamini, ataandika hivyo, na utatoka na ushauri wa kunywa maji. Kwa hiyo andika kabla ya kwenda. Andika kwenye karatasi: silali tangu lini, nalala saa ngapi, nimepungua kiasi gani, mara ngapi kwa wiki moyo unanienda mbio, siku ngapi sijaingia darasani, na kama nimewahi kufikiri kwamba ingekuwa heri nisiamke. Mpe karatasi aisome. Wengi wetu huanza na mwili, kichwa kinauma, tumbo linawaka, kifua kimebana, na maumivu hayo ni ya kweli. Yaseme, ila usiishie hapo. Mwambie na lile lililo nyuma yake.

Kiingereza cha mitihani kinaweza kukutosha darasani na kisikutoshe siku unayotaka kueleza huzuni. Si aibu. NHS inatoa mkalimani bila malipo, na unaweza kuomba wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. Kama unaogopa mkalimani atakuwa mtu wa jamii yenu atakayekutana nawe harusini, omba awe wa simu, wa mji mwingine, na usitaje jina lako kamili mbele yake. Usimtumie rafiki wala mdogo wako kukutafsiria mambo kama haya. Mzigo huo si wake, na wewe mwenyewe utaficha nusu.

Milango ya msaada hapa ni mingi kuliko tunavyodhani, na ugumu wake ni kujua uanzie upi. Chuo chako kina washauri nasaha, bure, na unajaza fomu mwenyewe bila kupelekwa na mtu. Vikao vyao kwa kawaida huwa na idadi maalumu, vinafaa kwa msongo wa masomo, msiba, upweke, kuachana. Ukiwa chini ya miaka 25, huduma ya afya ya akili ya jiji hili inayokuhusu ni Forward Thinking Birmingham, iliyoanza mwaka 2016 kuwahudumia watoto na vijana mpaka umri huo. Birmingham Healthy Minds ni ya tiba ya mazungumzo ya NHS, na unaweza kujipeleka mwenyewe bila barua ya daktari. Foleni zipo, wakati mwingine ndefu, na sitakudanganya kuhusu hilo. Ndiyo maana nasema jiandikishe mapema. Anayejaza fomu Oktoba akiwa amechoka kidogo anafika Desemba akiwa na mtu wa kumsikiliza. Anayesubiri Machi, tasnifu ikiwa imemlalia kifuani, anaingia kwenye foleni wakati hana nguvu ya kusimama.

Nataka kukueleza kitakachotokea kwenye kikao cha kwanza, maana wengi huenda mara moja na hawarudi. Kwetu, kushauriwa ni kukalishwa kitako. Mjomba au shangazi anakusikiliza kidogo, kisha anakwambia la kufanya, na mara nyingine anakukaripia kwa mapenzi. Mshauri wa chuo hatafanya hivyo. Atauliza, atanyamaza, atauliza tena. Ukimaliza saa moja unaweza kutoka ukisema hakunisaidia kitu, aliniacha niongee tu. Mpe nafasi vikao vitatu. Kule kuongea peke yako mbele ya mtu asiye na haki ya kukukasirikia ndiko kazi yenyewe, na inachukua muda kuizoea. Pia atakuuliza waziwazi kama umewahi kufikiria kujiua. Anamwuliza kila mtu. Hakushuku, hakutabirii, na hakuna ushahidi kwamba swali hilo linamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Jibu ukweli. Na kama baada ya vikao hivyo vitatu bado mnapishana, omba mwingine. Una haki ya kuomba mwanamke au mwanamume. Ukitaka mtaalamu mwenye asili ya Afrika na una uwezo wa kulipa, mtandao uitwao Black, African and Asian Therapy Network una orodha ya wataalamu.

Hofu kubwa ninayoisikia ni ya siri kutoka. Nyumbani ofisi ya mshauri wa wanafunzi ndiyo hiyo hiyo inayoshughulikia mikopo, nidhamu na malalamiko, basi mtu akiingia anaonekana ana kesi. Huku ni tofauti. Unachomwambia mshauri nasaha hakiendi kwa mhadhiri wako, hakiandikwi kwenye cheti chako, na wazazi wako hawapigiwi simu bila ridhaa yako, kwa kuwa ukishatimiza miaka 18 wewe ni mtu mzima mbele ya sheria. Siri huvunjwa pale tu maisha yako au ya mwingine yanapokuwa hatarini, na hilo atakueleza mwanzoni kabisa. Vyuo vingine hukuuliza kila mwaka kama unakubali mtu fulani apigiwe simu ukiwa katika hali mbaya. Usiruke kisanduku hicho. Mweke mtu atakayekuja.

Hofu ya pili ni viza, nayo inafunga midomo ya watu wenye akili zao timamu. Kumwona daktari au mshauri hakuvunji sharti lolote la viza. Ambacho chuo kinatakiwa kuripoti ni kutohudhuria na kuacha masomo. Kwa maneno mengine, anayejificha chumbani kwa hofu ya viza ndiye anayeihatarisha. Ukiona mambo yanazidi, nenda ukaseme mapema ili kutohudhuria kwako kuwe na maelezo. Na kabla hujasaini fomu ya kusimamisha masomo, zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu ukisimama zaidi ya siku 60 chuo kwa kawaida hulazimika kuondoa udhamini wake, na hapo utatakiwa kurudi nyumbani. Wakati mwingine kurudi nyumbani ndiyo dawa yenyewe, na kurudi tena kumalizia kunawezekana. Ila uamue ukijua.

Kuna pia jambo la mitihani. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inavitaka vyuo kurekebisha mambo kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ulemavu, na ugonjwa wa akili wa muda mrefu unahesabiwa humo. Natasha Abrahart alikuwa mwanafunzi wa fizikia Bristol. Alikuwa na hofu kubwa ya kuzungumza mbele ya watu, na sehemu ya kozi yake ilipimwa kwa mahojiano ya mdomo. Alijiua Aprili 2018, akiwa na miaka 20. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ikaamua kwamba chuo kilimbagua kwa kutobadilisha namna ya kumpima. Februari 2024 Mahakama Kuu ikaitupa rufaa ya chuo. Binti huyo hakurudi, lakini hukumu hiyo ni yako. Ukiwa huwezi kusimama mbele ya darasa bila kutetemeka mwili mzima, omba njia nyingine. Ukiugua wakati wa kazi ya kozi, omba kuongezewa muda, na omba kabla tarehe haijapita, maana baada yake mlango unakuwa mwembamba. Ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi itakusaidia kuandika ombi hilo bila gharama.

Vijana wa kwetu huhesabu maombi ya namna hii kuwa udhaifu, na najua chanzo chake. Tumekulia kwenye miji ambako jina la hospitali ni tusi. Dodoma mtu akikosea wanamwambia apelekwe Mirembe. Nairobi ni Mathari, Kampala ni Butabika, Zanzibar ni Kidongo Chekundu. Mtoto anayasikia majina hayo kwa mizaha miaka kumi na minane, halafu anafika ugenini akiwa na sonona na hana neno la heshima la kuielezea. Anasema nina mawazo tu. Mawazo yanayokunyima usingizi wiki mbili mfululizo na kukuondolea hamu ya kila ulichokuwa unakipenda yamekwisha kuvuka mpaka wa kuitwa mawazo tu. Ni ugonjwa, na una tiba. Ukipewa vidonge, jua vinachukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na usiviache ghafla kwa sababu umejisikia vizuri au kwa sababu mtu wa kundi la WhatsApp amekwambia vinaharibu ubongo. Mwulize aliyekuandikia.

Hofu nyingine ni ya sheria, na hii siioni ikizungumzwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya nayo ilikuwa hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Mtu aliyekulia chini ya sheria hizo anaweza kuamini kwamba akikiri wazo hilo atakamatwa. England iliifuta sheria ya namna hiyo mwaka 1961. Hutashitakiwa kwa kusema. Polisi akija mlangoni kwa sababu rafiki yako ameomba uangaliwe, amekuja kuangalia kama u hai na salama.

Basi ikifika usiku ambao huoni asubuhi, fanya hivi. Toka chumbani. Nenda jikoni, nenda kwa mlinzi, gonga mlango wowote, usibaki peke yako. Piga 111 kisha uchague 2, utapata wahudumu wa afya ya akili saa yoyote. Samaritans, shirika lililoanzishwa London mwaka 1953, wanapokea simu bure usiku na mchana kwa 116 123, na hutakiwi kutaja jina. Usipoweza kutoa sauti, tuma neno SHOUT kwenda 85258 na utajibiwa kwa ujumbe. Hatari ikiwa ya sasa hivi, ni 999, au teksi hadi chumba cha dharura cha Heartlands Hospital, Bordesley Green, ambayo ndiyo hospitali kubwa iliyo karibu na Saltley. Weka nambari hizi kwenye simu yako leo, kabla ya kuzihitaji, na uziweke kwa majina utakayoyakumbuka ukiwa umechanganyikiwa.

Ukiwa wewe ndiye rafiki, usingoje uhakika. Dalili hazifanani: mmoja anaacha kuoga, mwingine anaanza kugawa vitu vyake, mwingine anacheka kupita kawaida baada ya wiki za ukimya. Mwulize moja kwa moja, unafikiria kujiua? Ni swali zito kwa Kiswahili, lakini anayelisubiri huliona kama mlango umefunguliwa. Akikujibu ndiyo, usimhubirie kuhusu dhambi, usimtajie mama yake atakavyolia. Kaa naye, pigeni simu pamoja. Na usiahidi kumtunzia siri hiyo. Nakuomba sana juu ya hili: akikukasirikia utamwomba radhi akiwa hai.

Dini ina nafasi yake, na siiwekei mashaka. Vyuo vya hapa vina vyumba vya ibada na viongozi wa dini mbalimbali wa kuzungumza nao, na Saltley yenyewe haikosi misikiti na makanisa. Nenda. Swala ya jamaa na ibada ya Jumapili zinakutoa chumbani, na hilo peke yake lina thamani. Lakini kiongozi wa dini anayekwambia uache dawa kwa kuwa tatizo ni jini au umerogwa, mshukuru kwa dua yake na uendelee kumwona daktari. Wengi wenye elimu ya kweli watakwambia ufanye yote mawili. Ukifunga Ramadhani na unatumia dawa, panga saa zake na daktari kabla mwezi haujaandama.

Majira ya baridi yanastahili neno lake. Sisi tumezoea siku ambayo haibadiliki sana mwaka mzima. Hapa Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni, na siku nyingine halionekani kabisa nyuma ya mawingu. Mwili wa mtu wa pwani unaduwaa. Amka ukiwa na giza kama ni lazima, lakini uwe nje saa za mwanga, hata nusu saa. Adderley Park ipo hapa hapa, tangu mwaka 1856, na haina kiingilio. Serikali inashauri watu wenye ngozi nyeusi watumie mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Vidonge vyake ni rahisi dukani. Havitatibu sonona, lakini uchovu wa kukosa vitamini hiyo unaongeza mzigo usiouhitaji. Na usijifungie na tambi za kuchemsha kila siku. Panda basi uende Alum Rock Road siku ya Jumamosi, utapata mchele, viungo, nyama ya halali na pengine muhogo. Pika sufuria kubwa, mwite mtu. Kula peke yako kila mlo, mwezi baada ya mwezi, ni ugonjwa unaojijenga taratibu.

Siwezi kuyamaliza haya bila pesa, kwa sababu ndizo ninazozikuta chini ya kila mazungumzo. Viza inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na wengi huzifanya usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee, wakitoka alfajiri kwenda darasani. Usingizi ukivurugika hivyo kwa miezi, hata aliyekuja na afya njema anatetereka. Ada ikichelewa, usikimbie barua pepe za ofisi ya fedha. Waandikie uombe kulipa kwa awamu, na uliza mfuko wa msaada wa wanafunzi kama unakuhusu.

Nanyi wazazi, na kaka na dada mliobaki nyumbani. Kijana wenu anawatumia picha akiwa na koti zuri mbele ya maktaba. Picha hiyo ni ya kweli, na huenda ndiyo siku pekee aliyotoka wiki hiyo. Mkimpigia simu, msianze na masomo wala na shida ya bati la nyumba. Mwulizeni amekula nini, na na nani. Mwulizeni jina la mtu mmoja anayeishi naye. Akishindwa kulitaja kwa mwezi wa tatu, hiyo ni habari. Akisema nataka kurudi, msimkatie simu kwa maneno ya ada iliyokwisha lipwa. Msikilizeni mpaka mwisho, kwanza, ndipo hesabu zifuate.

Ombi langu la mwisho ni kwa Waswahili wenye nyumba Saltley, Washwood Heath, Bordesley Green na Small Heath: Watanzania, Wakenya, Wabajuni na Wabarawa, Wakongomani wa Bukavu na Uvira, yeyote anayepika akiongea lugha hii. Kila mwaka Septemba wanafika vijana wasiomjua mtu. Mtafuteni mmoja, msikitini, kanisani, kwenye basi, dukani Alum Rock. Mwalikeni kula mara moja kwa mwezi, isiwe ahadi ya mdomo, iwe tarehe. Akija, mwulizeni anakaa jengo gani, chumba namba ngapi, na nani apigiwe simu nyumbani kwao asipoonekana. Yaandikeni.